Ubao Mtupu wa Nusaiba

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa kale, uliozungukwa na mashamba ya mitende, aliishi mcha Mungu aitwaye Bi Lubaba, aliyewasomesha watoto Qur'ani kwa miaka ishirini na miwili. Desturi ya chuo chake ilikuwa hii: mtoto huandika somo lake kwa wino juu ya ubao, na haruhusiwi kuuosha mpaka mwalimu aukubali.

Ikafika siku macho ya Bi Lubaba yakaingia ukungu. Kwanza zilififia herufi, kisha mistari, kisha nyuso. Hakumwambia mtu. Watoto aliwajua kwa sauti zao, na Qur'ani yote ilikuwa kifuani mwake. Basi kila aliyeleta ubao alimwambia, "Soma," akasikiliza, kisha akasema, "Maashaallah, mwandiko mzuri. Kaoshe." Kila asubuhi alimwomba Mola wake siku moja tu zaidi, maana hakujua angekuwa nani bila ya watoto wale.

Siku moja Nusaiba, binti wa miaka minane, alimwaga wino wake. Akaja na ubao mtupu ili aombe udhuru, lakini kabla hajafungua kinywa mwalimu alisema, "Soma." Akasoma kwa moyo, bila kosa.

"Mwandiko wako leo umeushinda wa jana," alisema Bi Lubaba.

Chuo kizima kikaangua kicheko.

"Nusaiba, umeandika kwa maji?"

"Mwandiko wa majini huo, sisi hatuuoni!"

"Nilikuwa namtania," Bi Lubaba akasema upesi. "Nani asiyeona kwamba ubao ni mtupu?"

Siri ikasalimika. Lakini kesho yake Nusaiba hakuja, wala kesho kutwa.

Siku ya tatu Bi Lubaba alipapasa kuta za vichochoro hadi kwao Nusaiba.

"Karibu, Bi Mwalimu," alisema mama mtu. "Mtoto amegoma. Anasema umemfanya kichekesho."

Bi Lubaba aliketi mkekani, akaomba aitiwe mtoto. "Nisamehe, mwanangu. Sikukutania, nilisema uongo. Sikuuona ubao wako, na hata sasa siuoni uso wako."

Nusaiba alimsogelea. "Kumbe huoni tu! Mimi nilidhani hunipendi."

Hapo ikasikika nyuma ya pazia sauti ndogo ikisoma sura ileile aliyoisoma Nusaiba chuoni.

"Nani huyo?"

Mama alishusha sauti. "Mdogo wake, Rayhana. Amezaliwa haoni. Hudaka anayodurusu dada yake. Nimpeleke chuoni kufanya nini, Bi Mwalimu?"

"Kufanya ninachofanya mimi."

Akatoka moja kwa moja kwa Sheikh Huzaifa, msimamizi wa wakfu wa chuo, akamweleza yote, akangoja kuambiwa arudishe ufunguo wa chuo. Sheikh akacheka taratibu.

"Bi Lubaba, mwezi wa Shaabani uliitolea salamu nguzo ya msikiti, ukaisubiri ikujibu. Wazee wote wa mji wanajua. Tuliona haya kukuambia, tukangoja useme mwenyewe. Haya, unahitaji nini?"

Bi Lubaba naye alicheka, machozi yakimtiririka. "Seremala," alijibu.

Seremala akachonga mbao zenye herufi zilizozama ndani ya mti. Nusaiba akapewa kazi ya kukagua mwandiko wa wenzake, wala hakumsamehe aliyeandika ovyo. Na Rayhana akaketi gotini pa mwalimu, vidole vyao viwili vikishuka pamoja katika mfereji wa alifu.

"Hii imesimama wima," alisema mtoto.

"Naam. Tuanzie hapo."

Wanangu, Bi Lubaba aliomba siku moja zaidi ya kujificha. Mola wake hakumpa hiyo. Alimpa miaka mingine tisa, akisomesha waziwazi. Na tangu hapo, wasema wasimulizi, hakuna mzazi katika mji ule aliyeuliza tena mtoto asiyeona anakwenda chuoni kufanya nini. Mwenyezi Mungu atupe ulimi wa kusema kweli kabla kimya chetu hakijamliza mtoto.