Kitambaa Ndani ya Tarumbeta

Wenye usingizi waamke kidogo, maana mfano huu ni mfupi na sirudii.

Alikuwepo binti mmoja, mwanafunzi wa muziki chuoni. Kwao mbali, mjini hakumjua hata mtu mmoja, na chombo alichochagua kusomea ni tarumbeta. Mnacheka! Angechagua gitaa, angejificha nalo. Tarumbeta ukilipuliza, mtaa mzima umejua upo.

Kwa wiki alikuwa na saa moja na mwalimu wake, wawili tu, mlango umefungwa. Siku zilizobaki anajifua mwenyewe nyumbani. Na nyumbani kwenyewe ni chumba kimoja cha kupanga, kwenye nyumba ndefu, kila mpangaji na mlango wake wa nje. Nyuma ya ukuta wake alikaa nani? Hakujua. Salamu alizitoa huku anatembea.

Jioni ya kwanza akapiga wimbo wa kwao, ule unaopigwa makaburini jeneza likishushwa, kwa sababu ndio aliouweza vizuri. Kufika katikati, ukuta ukagongwa. Ko, ko, ko. Akaacha palepale, uso unamwaka kwa aibu. "Haya! Hata wiki sijamaliza, nimeshakuwa kero." Kesho yake akajaribu taratibu. Ko, ko, ko. Hakungoja siku ya tatu. Akachana kanga yake kuukuu, akaviringisha kipande, akakisokomeza kwenye mdomo mpana wa tarumbeta, na tangu hapo akawa anapiga hivyo. Sauti ilitoka kama ya mtu anayelia chini ya blanketi, ikaishia humohumo chumbani.

Ukuta ukanyamaza. Naye akabaki peke yake kabisa. Ndugu zangu, upweke ule usikieni hivihivi! Kuna wiki ilifika Ijumaa akagundua kwamba tangu Jumanne mtu pekee aliyeongea naye ni muuza vitumbua.

Miezi ikapita. Mwalimu wake, mzee wa maneno machache, akaanza kukunja uso. Binti alisukuma pumzi kama anayefungua mlango uliokwama, na sauti ilitoka kali, haikai kwenye wimbo. Mtihani ulibaki mwezi mmoja. Akifeli, ndio basi, afungashe arudi kwao.

"Nyumbani unapigaje?" mwalimu akamwuliza.

"Kama hapa, mwalimu."

"Usinidanganye, mwanangu. Anayepuliza hivi anapigana na kitu. Unapigana na nini?"

Machozi yakamtoka, akaeleza yote. Mwalimu akaliweka tarumbeta lake chini.

"Huyo aliyegonga alikwambia nini?"

"Aligonga tu."

"Ulimwuliza?"

"Sikumwuliza."

"Basi leo hatupigi. Nenda kwake, mwombe saa moja tu kwa siku. Akikataa, utakuja kupigia hapa kwangu."

Akaenda. Hodi. Akafungua mama mmoja wa makamo, kitambaa cheusi kichwani.

"Shikamoo, mama. Mimi ni jirani yako wa hapa. Nimekuja kuomba radhi kwa zile kelele za tarumbeta."

Yule mama akamtazama mpaka binti akataka kukimbia. "Marahaba. Kumbe ni wewe? Mama yangu alikuulizia sana."

"Mimi?"

"Kitanda chake kilikuwa hapo, ubavuni mwa ukuta wako. Alikuwa hawezi kuinuka, na jioni mimi niko kazini. Enzi zake alikuwa mwimbaji. Ulipopiga ule wimbo, akawa anafuatisha pigo ukutani kwa mkono. Akaniambia, leo nimepata mwenzangu. Halafu kimya. Kila siku ananiuliza, yule mtoto kaenda wapi? Nami nikamjibu, labda kahama. Sikutoka hata kwenda kubisha hodi."

"Naweza kumwamkia?"

"Tulimzika mwezi uliopita. Alitaka azikwe kwa tarumbeta. Tuliulizia kila mahali, tukakosa mpigaji."

Binti akakumbuka turubai la msiba lililofungwa uani mwezi ule. Alilipita pembeni, kichwa chini, tarumbeta mgongoni, akijisemea kwamba msiba ni wa watu asiowajua, wataona anajipendekeza.

Akarudi chumbani. Akachomoa kile kitambaa, akapiga ule wimbo mwanzo hadi mwisho kwa sauti yake yote. Kisha akategea sikio ukutani.

Hakuna aliyegonga.

Mtaniuliza, mtihani je? Alifaulu, tena vizuri. Mwalimu wake alimpa mkono. Lakini mimi sikuwaletea habari ya mtihani hapa.

Nawauliza ninyi. Nani alikwambia kwamba wewe ni kero? Alikutamkia kwa kinywa chake, au uligongewa ukuta ukajijibu mwenyewe? Mama, uliacha kuimba kwa sababu mtu aligeuka kukutazama. Unajua alitaka nini? Baba, kaka yako alikujibu kwa mkato siku moja kwenye simu, na mwaka wa tatu huu hujampigia. Tunajisokomeza kitambaa, halafu tunakiita unyenyekevu. Unyenyekevu gani! Ni woga, na mimi nimo humohumo. Pumzi ni ya Mungu, naye hakutupa ili tuizibe. Na sisi tulio upande wa pili wa ukuta, tunaosema "labda kahama", tutajibu nini?

Turubai likifungwa mtaani kwenu wiki hii, usipite pembeni. Ingia, keti nao. Hodi haijawahi kumuua mtu.

Na wewe uliyekaa kule nyuma kabisa, unayetoka kila Jumapili kabla ya baraka ili usisalimiane na mtu, leo naomba usiondoke. Hapo kwenye benchi la mbele yako yupo mtu anayejiuliza wewe ni nani, na yeye pia anaogopa kugeuka.