Mchuzi wa Milango Mitano

Hapo zamani aliishi mchota maji fukara aitwaye Vuai, na mkewe, Mwanaidi, alikuwa na pumu. Dawa yake ilishuka bandarini kwa bei ya kuku mmoja. Lakini ilipita milango mitano ya jumba la Sultani, kila bawabu akaongeza kidogo chake, mwisho ikapigwa muhuri wa Sultani, ikauzwa kwa bei ya ng'ombe. Basi Mwanaidi akawa anywa nusu, siku nyingine hanywi kabisa, na kifua chapiga filimbi mchana kutwa.

Vuai akaenda barazani. "Maulana, mke wangu anakufa kwa bei."

Sultani akawaita mabawabu, na kila mmoja akaapa, "Mimi huongeza kidogo tu."

"Umesikia? Hakuna mwenye kosa," akasema Sultani. "Kesho, wakati wa chakula cha mchana, niletee huyo aipandishaye bei, nimwone kwa macho yangu. Ukishindwa, utauhama mji huu, wewe na mgonjwa wako."

Lo! Kuhama na mtu asiyeweza kufika kisimani bila kuketi mara tatu? Vuai aliogopa, tena sana.

Kesho yake akamsihi mpishi ampe abebe mchuzi wa Sultani. Kwenye mlango wa kwanza akamnyooshea bawabu kifuko cha chumvi, akasema, "Ongeza kidogo chako, ndugu yangu, kama uongezavyo kwenye dawa." Bawabu akatia konzi ya chumvi. Ikawa hivyo hata mlango wa tano.

Sultani akaonja, macho yakamtoka. "Nani aliyeharibu mchuzi huu?"

"Kila bawabu ametia kidogo tu, Maulana. Hakuna mwenye kosa."

Vuai akatoa kile kifuko cha chumvi, akakiweka mbele ya Sultani kwa adabu. "Na muhuri nao una fungu lake. Bado wewe, Bwana wangu."

Sultani akakitazama kifuko, akalitazama bakuli, akaagiza maji. Akanywa vikombe vitatu.

"Tangu leo," akasema, "dawa ya pumu isipite mlangoni. Ipitishwe dirishani."

"Na muhuri, Maulana?"

"Muhuri umepotea."

Vuai akalipa kuku mmoja. Mwezi ulipokwisha, Mwanaidi alikwenda kisimani na kurudi, na njia nzima alikuwa akimgombeza mumewe bila kupumzika. Hekaya yangu imepita dirishani, imekwenda.