Kibao cha Njia ya Siwema

Sogeeni karibu, maana nina kesi imenishinda.

Mtaani kwetu Mikoroshoni, pembezoni mwa mji, wapo watu watatu, kila mmoja kajaliwa la kwake. Nyamizi, muuza maandazi, anajua kila ua kwa ndani. Kasembe, fundi uashi, ana mikono isiyoshindwa na tofali. Bi Mwantumu, mjane, ana moyo ambao hatukuujua.

Zamani pale palikuwa shamba. Mji ulipotufuata, tuliuziana viwanja kwa kupimiana hatua, kila mtu akajenga hadi ukingoni akisema, "Njia itapita kwa jirani." Jirani naye alisema hivyohivyo. Werevu wetu ukatufungia. Barabara ya lami ilikuwa nyuma yetu tu, honi tunazisikia, lakini kuifikia mpaka uzunguke kilima kizima.

Asubuhi moja jirani yetu Siwema akashikwa na uchungu wa kujifungua, mtoto akatanguliza mkono. Mkunga akasema, "Mkizunguka, tutawakosa wote wawili."

Nyamizi akatua beseni lake. "Nyuma ya jiko la Bi Mwantumu kuna ukuta wa Kasembe, na nyuma ya ukuta ni lami. Nifuateni." Sisi tunaoishi tukipeana migongo hatukulijua hilo.

Jiko lile alilijenga marehemu mume wa Bi Mwantumu, na hakuacha kingine. Bi Mwantumu akaligusa kidogo. "Bomoeni," akasema. "Marehemu alipenda watoto."

Kasembe akashika nyundo. Ukuta ule aliujenga baada ya wezi kumchosha.

"Fundi, si wako huo?" mtu akamuuliza.

"Ni wangu. Nipisheni."

Siwema akapitishwa juu ya mkeka, akafikishwa hospitali. Leo yeye na binti yake ni wazima.

Njia imebaki wazi, wote tunaipita. Ila Bi Mwantumu anapikia nje, na mvua ikinyesha anahangaika na sufuria. Kasembe wezi wamemrudia. Nyamizi maandazi yanamlalia, maana wateja sasa wanavuka lami kununua mkate dukani. Nikiwaona, roho inaniuma.

Ofisi ya mtaa imetoa kibao kimoja cha kuipa njia hiyo jina, jina moja tu la aliyeifungua, na Siwema ndiye achague. "Nikimtaja mmoja," anasema, "hao wawili nitawatazama kwa macho gani?" Kibao bado kitupu.

Nawe uliyepita nasi njia hii mpaka hapa, ungeandika jina la nani?