Tepe za Meya Kiboko

— Nianze?
— Anza!
— Masikio mmenawa?
— Tumenawa!
— Kuna mwenye kukohoa humu?
— Hayupo!
— Na akiwepo?
— Akakae kule upepo unakoelekea!

Basi sogeeni, ila msisogeleane. Ngano hii wengi wamejaribu kuisimulia ikawafia mdomoni. Mimi nitaifikisha. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, hilo hatujaelewana mpaka leo, lakini kwa ngano hapa hakuna wa kunifikia, na anayebisha anyooshe mkono nimwone. Hakuna? Haya.

Palikuwa na mji wa wanyama ukiitwa Bwawani. Ulikuwa na kisima, ulikuwa na soko, ulikuwa na shule, ulikuwa na uwanja wa ngoma. Na meya wake alikuwa Kiboko. Mnene, jamani! Akitembea, ndu! ndu! ndu!, vikombe vinaanguka kabatini. Akipiga mwayo, popo wanaingia wakidhani wamepata pango.

Sasa Bwawani walikuwa na desturi yao, na hiyo desturi ndiyo mama wa balaa lote hili. Hapakufunguliwa kitu bila uzinduzi. Choo kikichimbwa, uzinduzi. Daraja la magogo, uzinduzi. Mtu akipaka nyumba yake chokaa, lazima ufungwe utepe, aje mgeni rasmi akate, apikiwe sinia la pilau. Na mgeni rasmi nani? Kiboko. Na mwaka jana nani? Kiboko. Na mwaka kesho? Msinichoshe.

Ukaja ugonjwa. Haukupiga hodi. Swala alikohoa sokoni, kwehu!, akaenda kulala, hakuamka. Ngiri akamzika Swala, akarudi, kwehu!, akalala, hakuamka. Aliyemzika Ngiri naye kwehu! Baraza likafunga mji. Kisima wakafunga, soko wakafunga, shule wakafunga, uwanja wakafunga. Nje kukawa kimya hata nzi akipita unamsalimia.

Katika mji huo aliishi Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba, muuza kumbikumbi wa kukaanga. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mama yake tu, na mama mwenyewe kifua kibovu tangu ujana. Akivuta pumzi, fyuuu. Akiitoa, fyuuu. Jioni wawili hao walikuwa wakijikunja pamoja wakawa mpira mmoja, ndiyo shuka lao, ndiyo blanketi lao.

Kalunguyeye alikaa ndani akawaza. Soko likiendelea kufungwa, njaa itamla mama. Soko likifunguliwa ovyo, kikohozi kitamla mama. Popote alipogeuka, palikuwa na kitu kimefungua mdomo kumngoja mama yake.

Vifo vikapungua. Baraza likakutana chini ya anga, madiwani wamekaa mbalimbali, wamevaa barakoa. Kiboko hakuvaa. Barakoa yake ingetaka turubai zima la lori.

Akasimama Korongo, bwana afya wa mji, miguu kama fimbo za kuchungia.

"Waheshimiwa," akasema, "tufungue kidogo kidogo. Tuanze na kisima. Tungoje, tusikilize vifua. Vikinyamaza, tufungue safu ya mboga. Tungoje, tusikilize vifua. Vikinyamaza, tufungue samaki, kisha shule. Uwanja wa ngoma uwe wa mwisho kabisa."

"Vifua, vifua!" Kiboko akaunguruma. "Mimi tumbo langu linapiga kelele, mbona hilo husikilizi? Tangu mji ufungwe sijakata hata uzi wa kifungo! Ijumaa nafungua vyote!"

Madiwani wakapiga makofi, pa! pa! pa! Kalunguyeye, aliyekuwa nyuma ya jiwe akisikiliza, akahisi miiba yote imemsimama. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Akaenda bwawani alikokaa Kiboko.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Nani? Sauti naisikia, mtu simwoni."

"Niko huku chini, baba. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya pilau."

Kiboko akatoa kichwa chote majini. Swaaa! "Pilau imefanyaje?"

"Itakuponyoka, Mheshimiwa. Ijumaa unafungua kisima, soko, shule na uwanja kwa utepe mmoja. Utepe mmoja, sinia moja. Ukishalipangusa hilo sinia, huna tena cha kufungua. Mji umeumaliza."

Hilo Kiboko hakuwa amelifikiria, maana kichwa chake kilikuwa kikubwa lakini nafasi nyingi ilichukuliwa na mdomo.

"Sasa, ukifungua kisima peke yake," Kalunguyeye akaendelea, "hilo ni sinia. Safu ya mboga, sinia. Safu ya samaki, sinia. Shule... shule ina madarasa, Mheshimiwa."

"Kila darasa sinia?"

"Mimi sijasema. Umesema mwenyewe."

Mate yakamdondoka Kiboko, do, do, do, bwawa likapanda kidogo.

"Na utepe," akasema Kalunguyeye, "usifungwe kamba za migomba. Hizo ni za kuzindulia vyoo. Wewe usukiwe hariri na Buibui."

"Buibui mvivu yule! Nitangoja mpaka lini?"

"Mkubwa anangojwa, baba. Na utepe wake je, usingojwe?"

"Kweli. Ungojwe."

"Na wananchi wakae mbalimbali."

"Kwa nini?"

"Wakikaribia wataonja."

Kiboko akapiga maji, paa! "Wakae mbali! Mbali kabisa!"

Mnaona? Korongo alisoma miaka mingi, akazungumza na baraza, hakusikika. Kalunguyeye alizungumza na tumbo.

Kutoka hapo alipita kwa Buibui. "Dada, suka taratibu. Ukisikia mtu anakohoa mjini, fumua uanze upya. Vifua vikinyamaza, malizia."

"Na Kiboko akiniuliza?"

"Mwambie hariri ya wakubwa haitaki pupa."

Basi ikawa hivyo. Buibui akasuka, Korongo akatega sikio, vifua vikanyamaza. Kiboko akakata utepe wa kisima, krrap! Wananchi huko mbali, pa! pa! pa! Kiboko akala sinia lake, nyafu, nyafu, nyafu. Watu wakateka maji kwa zamu, wakaenda zao.

Buibui akasuka, Korongo akatega sikio, kwehu! Buibui akafumua. Akasuka tena, Korongo akatega tena, vifua vikanyamaza. Kiboko akakata utepe wa mboga, krrap! Pa! pa! pa! Nyafu, nyafu. Safu ya mboga ilikuwa pia na meza ya Kalunguyeye. Akakaanga kumbikumbi wake, chwaaa, akauza, jioni akarudi kwa mama na unga na kitoweo.

"Mwanangu," mama akasema huku anatafuna, "huyu meya siku hizi ana hekima. Fyuuu."

"Anayo, mama," akasema Kalunguyeye, na kwa mara ya kwanza tangu mji ufungwe alicheka.

Ningekuwa msimulizi wa hivi hivi ningeishia hapo, mkanipa kahawa, tukaachana vizuri. Lakini mimi si wa hivi hivi.

Kiboko alikuwa amejilaza topeni akingoja utepe wa samaki. Akangoja. Buibui akafumua. Akangoja. Buibui akafumua tena. Tumbo likafanya guru, guru. Kiboko akaanza kuwaza, na jambo hilo, waungwana, hata kwa Kiboko huwa linatokea.

"Kalunguyeye amenionyesha kwamba kila mlango ni sinia," akawaza. "Sasa kama kila mlango ni sinia, kwa nini nile mlango mmoja mmoja?"

Akainuka, ndu! ndu! ndu!, akang'oa kamba za migomba, akafunga kila mlango wa Bwawani. Mlango wa samaki, mlango wa kila darasa, mlango wa uwanja. Hata milango iliyokuwa wazi akaifunga kamba ili aifungue. Ngoma zikapigwa, ti-ki-ti! ti-ki-ti! Mpiga mbiu akapita: wananchi wote uwanjani, meya anataka vigelegele, meya amechoka kushangiliwa kwa mbali, meya leo anapokea mikono!

Korongo akakimbilia uwanjani. "Mheshimiwa, vifua vya watu wa samaki bado—"

"Kaa chini, miguu vijiti!"

Kalunguyeye naye akakimbilia nyumbani. Akamkuta mama anajitanda kanga.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Meya anapokea mikono."

"Mama, kifua chako!"

"Kifua changu nimezaliwa nacho. Soko limefunguliwa, umepata meza, tumekula, halafu nisiende kumshukuru? Unataka watu waseme sikukulea, ulikulia porini?"

"Mama, si yeye aliye..." Angesemaje? Kwamba hekima ya meya ilikuwa na miguu minne na miiba, imesimama hapo mbele yake? Mama asingeamini. Na kelele za ngoma zilikuwa zimeshawafikia majirani wote, mlangoni wanaita, "Bi mkubwa, twende!"

Mama akaenda. Foleni ilikuwa ndefu, imebanana ubavu kwa ubavu. Kiboko amekaa kitini, sinia kushoto, mkono wa kulia kwa wananchi. Akapokea mkono wa huyu. Akapokea mkono wa yule. Katikati akafanya, kwehu!, akaupangusa mdomo kwa kiganja kile kile, akaunyoosha mkono tena. Mama Kalunguyeye akautia mkono wake mdogo ndani yake, akainamisha kichwa, akasema, "Asante, Mheshimiwa, kwa hekima yako."

Sitaki kuwachosha na yaliyofuata, mnayajua. Fyuuu, kwehu. Fyuuu, kwehu. Kisha kwehu bila fyuuu. Kisha kimya. Kalunguyeye alimzika mama na Korongo tu, kwa sababu wengine kila mmoja alikuwa na wake wa kuzika. Akarudi nyumbani, akajikunja. Ule mpira ulikuwa mdogo sana. Na ndani yake mlikuwa na sauti ikiuliza: Ni nani aliyemwambia Kiboko kwamba mlango ni sinia? Ni nani? Alilijua jibu. Hakulisema.

Huku nyuma Kiboko hakutulia. Alikohoa chini chini na kuficha, na bado alizurura kila mtaa akifunga kamba na kukata, akifunga na kukata, na kila alipopita watu walikusanyika, na kila walipokusanyika waliondoka na kikohozi.

Kalunguyeye akamfuata.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba... kwehu!... ni vumbi tu hili. Una mlango mwingine?"

"Ninao. Kuna jengo hajawahi kulizindua meya yeyote."

"Lipi?"

"Karantini ya Korongo, kule ukingoni mwa mji. Ya mawe, imara, mpya. Pilau imeshapikwa, iko ndani."

"Ndani? Mbona siku zote sinia huwekwa nje?"

"Hili ni la heshima ya juu, baba. Mgeni rasmi anaingia peke yake. Hakuna wa kumwangalia akila."

Kiboko hakungoja neno jingine. Ndu! ndu! ndu! mpaka ukingoni. Akakata utepe, krrap! Akaingia. Nyafu, nyafu, nyafu. Na nyuma yake Buibui, aliyekuwa juu ya kizingiti, akashuka na uzi wake. Safari hii hakufumua. Akasuka, akasuka, akasuka, mlango ukawa mweupe kama ukuta, na Korongo akaegemeza gogo juu yake.

"Kalunguyeye!" Sauti ikatoka ndani. "Nimemaliza! Nifungulie!"

"Tutakufungulia, Mheshimiwa. Kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo vipi?"

"Tutangoja. Tutasikiliza kifua."

Kwehu! ikajibu ndani. Kwehu! Na wao wakangoja, wakasikiliza, mpaka siku moja hapakuwa na cha kusikiliza.

Mji ukafungwa tena, ukafunguliwa tena, safari hii kama alivyosema Korongo tangu mwanzo. Kisima. Wakangoja. Mboga. Wakangoja. Samaki, shule. Hapakukatwa utepe wala kupikwa pilau, na hakuna aliyepiga makofi.

Asubuhi ya kufungua soko lote, Korongo akaja na miguu yake mirefu kupima nafasi kati ya meza na meza. Akapiga hatua. Akapiga nyingine. Akasimama. Meza ya Swala haikuwa na mtu. Ya Ngiri haikuwa na mtu. Katika safu yote ya samaki alikuwamo Fisimaji mmoja, mwisho kabisa, anapunga nzi. Nafasi zilitosha. Zilizidi.

Kalunguyeye alikuwa anakaanga kumbikumbi, chwaaa, na harufu inakwenda mpaka mwisho wa soko bila kugonga mtu.

"Safi," akasema Korongo, taratibu. "Hakuna msongamano."

"Ndiyo, bwana afya," akasema Kalunguyeye, akageuza kumbikumbi. "Hakuna msongamano."

Sasa funzo, kwa kuwa mliosoma hamlali bila funzo. Maradhi yakiingia mjini, msihangaike na wenye miguu myembamba wanaosikiliza vifua vya watu. Mtafuteni mnene kuliko wote, mpeni mkasi, mpikieni. Akinyoosha mkono, pokeeni kwa adabu. Mkifanya hivyo nawahakikishia, mimi niliyeishia la tano, hamtabanana sokoni tena.

— Imekatika?
— Imekatika!
— Nani kaikata?
— Si sisi!
— Mmebaki wangapi?
— Tuliobaki!