Darasa la Kijito Kisicho na Bei

Hapo zamani, na si zamani ya majini, ni ya juzijuzi tu, palikuwa na chuo cha biashara. Nyuma ya chuo palikuwa na kijito, na upande wa juu wa kijito karakana ya kutia vitenge rangi. Jumatatu maji yalikuwa mekundu, Jumanne bluu. Wanachuo walijua siku ya wiki kwa kuchungulia dirishani.

Wewe wa nyuma, weka simu chini. Hadithi hii ina mtihani.

Mwalimu wa uchumi, Dakta Mbonea, alitunga swali: "Karakana inamwaga maji ya rangi kijitoni. Kokotoa faida yake." Swali lilelile, miaka ishirini na miwili.

Kandonga akakokotoa, akapata tisini na nane. Salhina, aliyeketi kando yake, akamwangalizia, naye akapata tisini na nane. Nyanjige akaandika mstari mmoja: "Bei ya kijito haijatolewa, kwa hiyo sijibu." Akapata sifuri, akarudia mwaka.

Matokeo yalipokwisha kutoka, Dakta aliusoma tena mstari ule mara tatu. Akatoka kwenda kukitazama kijito alichokuwa akikivuka kila siku. Aliona aibu, wala hakuificha. Akaanzisha somo jipya, Biashara na Mazingira, akalifundisha miaka miwili. Mara umri wa kustaafu ukafika. Kitivo kikamwambia, "Ijumaa ulete jina la mrithi wako. Usipoleta, somo linafutwa, kipindi tunawapa watu wa mauzo."

Wakaja wale watatu, wote wameshahitimu.

Kandonga akasema, "Shikamoo, Dakta. Nilimpigia hesabu mwenye karakana, nikamwonyesha kwamba akiyachuja maji na kuyatumia tena, ataokoa hela. Leo kijito ni cheupe. Nipe darasa."

"Marahaba. Ulikionea huruma kijito?"

"Hapana, Dakta. Alinilipa."

Salhina akasema, "Shikamoo, Dakta. Nimewafundisha wafua nguo wa bondeni, nimewafundisha wenye karakana, na wote wananielewa. Hata Kandonga habari ya kuchuja aliisikia kwangu. Nipe darasa."

"Marahaba. Na zile tisini na nane?"

"Niliangalizia, Dakta. Ningefundisha vizuri kuliko nilivyofanya mtihani."

Nyanjige akasema, "Shikamoo, Dakta. Bila sifuri yangu somo hili lisingekuwepo. Nimelilipia mwaka mzima, na mwaka huo baba hakunisemesha. Nipe darasa."

"Marahaba, mwanangu. Na tangu hapo umekifanyia nini kijito?"

"Nilikuwa narudia mwaka, Dakta."

Basi Ijumaa ndiyo hii. Saa tisa karani anafunga ofisi. Dakta ameshika kalamu na anaogopa kukosea jina, maana lile somo ndilo jambo pekee analojivunia katika ualimu wake wote. Msiniambie wote watatu, fomu ina mstari mmoja. Wala msiniambie tumwachie Mungu, Mungu hajaajiriwa kitivoni.

Je, nani anastahili darasa?