Mshono Usioonekana

Mwanamke mmoja alikuwa na mume mwenye mkono mzito. Mwanamke huyo jina lake Tupokigwe, wa milima ya Rungwe, kule ambako ukungu hukaa hadi mchana na mtu hatoki nje bila sweta. Mume akishalewa, alimkamata popote mkono ulipofika: kola, bega, kiuno. Nguo ikachanika. Asubuhi Tupokigwe aliketi mlangoni penye mwanga, akashona kabla majirani hawajaanza kupita.

Shida ilimfanya fundi. Alichomoa uzi kwenye pindo la nguo ileile, ili rangi isimsaliti. Aliupitisha uzi huo kwenye mshumaa, usijifunge mafundo. Ncha ya sindano aliichoma kwanza kwenye kipande cha sabuni, ikapenya kitambaa kizito kama inapenya maji. Sweta lililofumuka alilivika juu ya kibuyu, akaviokota vitanzi kimoja kimoja. Kisha alitandika kitambaa kilicholowa, akapitisha pasi ya mkaa, mshono ukalala. Hata ungepapasa usingeujua.

Wanawake wa kanisani walimjia wajifunze, naye hakuwa mchoyo, aliwafundisha yote. Hakuna aliyemuuliza ujuzi huo aliupatia wapi, na yeye hakusema. Walirudi makwao wakimsifu kwamba katika nyumba ya Tupokigwe hakuna nguo yenye tundu.

Alikuwa na binti mmoja tu, Lugano. Binti huyo alikulia magotini pake, akimtungia uzi kwenye sindano. Ya usiku aliyasikia, ya asubuhi aliyaona, akaelewa kwamba hivyo ndivyo mwanamke anavyoishi.

Lugano akaolewa ng'ambo ya bonde. Hata mwaka haujaisha, akaja kumsalimu mama yake, amevaa sweta la kijani. Walipokuwa wakimenya ndizi, Tupokigwe aliona begani kwa mwanawe kitu ambacho jicho jingine lisingekiona. Akanyoosha kidole, akapapasa. Moyo ukampasuka, maana mshono ule ulikuwa wake mwenyewe, umetoka kwenye mkono mwingine. Lugano akaacha kumenya, akamtazama mama yake usoni, akangoja.

"Uzi umeukaza mno, mwanangu," mama akasema. "Ulegeze kidogo, la sivyo utavuta, na watu wataona."

Lugano akainamisha kichwa, akaendelea kumenya.

Alikuja tena mara kadhaa baada ya hapo, na kila alipokuja mkono wake ulikuwa umezidi kuwa hodari, hata mama mwenyewe ikampasa atafute sana ndipo aone. Mwisho akaacha kutafuta. Alijiambia kwamba labda mambo yametengemaa.

Baridi ilipoingia walimleta Lugano kwenye machela, mbavu zimevunjika, pumzi inakatika. Majirani wa kule waliapa kwamba hawakujua lolote. Mke yule, walisema, alikuwa nadhifu siku zote. Tupokigwe alikipakata kichwa cha mwanawe, akamuuliza huku analia kwa nini alinyamaza muda wote huo.

Lugano alikusanya pumzi iliyobaki. "Ulinifundisha kushona, mama," akasema. "Kupiga yowe hukunifundisha."

Hakuliona jua la siku ya pili.

Makaburini mkwe alisimama mbele ya watu, analia kwa sauti kubwa, amevaa koti lililoshonwa kiwikoni kwa ustadi. Mama mmoja alilitazama koti lile kwa makini, akamnong'oneza mwenzake kwamba kweli marehemu alijua kumtunza mumewe. Tupokigwe aliyasikia hayo. Akainua uso, akafungua kinywa, na watu waliokuwa karibu wakageuka kumsikiliza. Mumewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akamwekea mkono begani taratibu, kama mtu anayemfariji mwenzake.

Tupokigwe akakifunga kinywa. Wakamwaga udongo.

Basi ninyi mnaoisifu nguo ya jirani kwa kuwa haina tundu, ni lini mliwahi kuuliza kinachoichana?