Vidole Gumba vya Mbega

Sogeeni huku kivulini, nyote. Wewe mwenye kuku mkononi, mwachie aende zake. Na wewe unayecheka bado, cheka umalize kabisa, halafu ufunge mdomo, maana haya ninayotaka kuyasema hayasemwi juu ya kicheko. Mmetulia? Bado, naisikia miguu inachezacheza kwenye mchanga. Haya. Sasa ndiyo.

Leo mchana mmemrushia mbega andazi. Alikuwa kakaa juu ya mti wa mkungu nyuma ya jiko, mkia wake unaning'inia, hana neno na mtu, nanyi mkamtupia kipande cha andazi kikamgonga kifuani, kikaanguka. Hakukifuata. Mkasema mbega mjinga, hajui kitu kitamu. Mmoja wenu akasema mtazameni mikono yake, hana hata kidole gumba, atashikaje? Mkaangua kicheko. Mafuta yalikuwa motoni, nisingeweza kutoka, lakini masikio yangu yalikuwa uani pamoja nanyi.

Basi nitawaambia kama nilivyoambiwa na bibi yangu mzaa mama. Yeye alikuwa na sauti nzito kama ya mwanamume, na kila alipofika kwenye jambo la kamba, aliuweka chini ukili aliokuwa akisuka. Hakuwahi kulisema jambo hilo huku mikono yake ikifanya kazi nyingine.

Zamani hizo msitu na mji havikuwa na mpaka. Wanyama walipita uani kama majirani wanavyopita, na ukiwa na ugali unamkaribisha. Mbega alikuwa mweusi mtupu, mweusi kama tako la chungu, hana unywele mweupe hata mmoja. Alikuwa na vidole vitano kila mkono, na gumba lake lilikuwa nene, gumba la kusokotea. Na alikuwa akisema. Hakuwa msemaji sana, bibi alisema, lakini alichosema kilieleweka.

Jua likiwa utosini, shamba limeachwa, kila mtu alikuwa na kitu chake cha kupumzishia moyo. Wanaume walicheza bao. Wanawake walikaa upenuni wakisuka ukili, wala si kwamba mikeka ilikuwa imepungua nyumbani. Walitaka tu mikono iwe na la kufanya wakati midomo inatembea. Watoto walibembea. Na Mbega alishuka kutoka msituni, akakaa mwisho wa jamvi, akasokota kamba. Alichukua nyuzi za makumbi ya nazi, yale yaliyofukiwa topeni mpaka yakalainika kisha yakapondwa, akazilaza pajani, akazisukuma kwa kiganja na kuzibana kwa gumba. Kamba yake haikuwa na mahali pembamba. Na fundo lake likishakazwa, hakuna mkono ulioweza kulifungua ila mkono wake mwenyewe.

Hakutaka ujira. Alipewa joya tu. Joya mnalijua, kile kitu cheupe, chororo, kinachojaa ndani ya nazi ikianza kuota. Mbega alilipenda kuliko chochote kinachoota juu ya mti. Alilila polepole, amefumba macho, na watoto walikuwa wakimwita Mjomba Mbega na kumfuta mdomo.

Sasa watu hao walikuwa na desturi yao, na msikilize vizuri hapa. Kitu alichokutengenezea mwenzako, ni mwiko kukijaribu mbele yake. Ukipewa mtungi, hugongi kusikia kama una ufa. Ukipewa kigoda, unakaa. Ukipewa kamba, huivuti. Kuivuta ni kumwambia mtu mbele ya watu kwamba mikono yake ni ya uongo, na kulikuwa na ndugu waliozikana bila kusemezana kwa sababu ya jambo dogo kama hilo. Heshima ilikuwa kupokea, kushukuru na kutumia.

Palikuwa na mwanamke jina lake Nyamvula. Alikuwa amezika watoto wawili wachanga, akabakiwa na mmoja, msichana, Nyevu. Nyevu alikuwa haogopi kitu. Bembea yake ilifungwa kwenye mkwaju kando ya nyumba, na chini ya mkwaju ule, pembeni kidogo, kulikuwa na mawe makali, haya haya ya matumbawe yanayotutoboa nyayo mpaka leo. Siku moja Nyamvula akaona kamba ya bembea imechakaa, imeota ndevu.

"Mjomba Mbega," akasema, "kamba ya mwanangu imechoka. Nifanyie mpya."

"Nitakufanyia."

Dama, wifi yake, akadakia palepale. "Na mume mpya umwombe hapo hapo, wifi. Huyu kaka yangu akimfunga mbuzi, mbuzi anatangulia kufika sokoni."

Wakacheka wote, hata mwenye mbuzi huko kwenye bao akacheka. Mbega akasokota kamba ile siku nzima, kisha akapanda mkwaju kuifunga. Upande wa kwanza aliuzungusha tawini, akaubana, akaukaza kwa gumba mpaka tawi likalia. Akahamia upande wa pili.

Huku chini Dama akapasua nazi. Na kumbe ndani mna joya ambalo hajapata kuliona, limejaa nazi nzima, jeupe, linatoa maji ya utamu. Tumbili alikuwa juu ya paa. Tumbili siku hizo alikuwa mgeni tu, haalikwi mara kwa mara.

"Lo! Hilo lote la nani?" akauliza.

"Si lako, mwenye mikono ya kuazima bila kurudisha," Dama akamjibu.

"Mwenyewe yuko kazini. Kazi ni nyingi leo, atachelewa, maskini. Niruhusuni nilishike tu lisipate inzi."

Wanawake wakacheka. Lakini Mbega kule juu alisikia, akageuza uso. Mkono wake ulikuwa umepitisha ncha ya kamba kwenye pete ya fundo. Kilichobaki ni gumba kubana na kuvuta. Akamwona Tumbili anateremka ukutani. Akasema moyoni, nitarudi kumaliza. Akaiacha ncha ile ilivyo, akashuka.

Akalichukua joya lake, akakaa kwenye jamvi, akafumba macho, akala. Utamu ule ukamzidi. Lile aliloliacha juu likamtoka kichwani, kama ndoto inavyomtoka mtu akishanawa uso.

Nyevu akaja mbio. "Mama, tayari?"

Nyamvula akaenda chini ya mkwaju. Akaishika kamba ya upande wa pili. Na mkono wa mama unajua, jamani. Mkono wake ulisikia kitu, kulegea kidogo, kama jino linapoanza kucheza. Akageuza macho, akamwona Mbega ameshafumbua yake anamtazama, na makombo meupe yako mdomoni. Watu wote wa upenuni wanamtazama pia. Akaona haya. Atamvutia kamba Mjomba Mbega mbele ya watu wote hawa, baada ya kazi ya siku nzima? Akautoa mkono.

"Panda, mwanangu," akasema.

Nyevu akapanda. Akaenda, akarudi, akacheka. Akataka asukumwe zaidi, akasukumwa. Bembea ikapanda mpaka miguu yake ikaingia kwenye majani ya mkwaju, halafu kamba ikarudi bila yeye.

Bibi yangu hapa hakuwahi kuongeza neno, nami siongezi. Mawe nimeshawatajia.

Wakamzika. Na walipotoka kuzika, Mzee Mwatsahu, aliyekuwa mkubwa wa wazee wa msitu ule, akawaketisha watu wote pale pale karibu na kaburi, na wanyama pia. Akamwita Mbega. Mbega hakuzungusha maneno.

"Fundo la pili sikulibana," akasema. "Niliona joya, nikashuka. Nikasahau."

Watu wakaguna. Lakini sheria yao ilikuwa inatenganisha kosa la mkono na kosa la moyo. Aliyekosea kwa mkono hukaa matangani na wafiwa, huwatekea maji na kuwachanjia kuni mpaka mvua irudi, kisha husamehewa. Mzee Mwatsahu alikuwa tayari kusema hivyo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ndipo Dama, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akasema kwa kilio chake, "Lakini mbona wifi aliishika ile kamba? Nilimwona mimi, aliishika kabla mtoto hajapanda."

Mzee akageuka. "Nyamvula. Uliishika kamba?"

"Niliishika."

"Uliivuta?"

Sasa mtazameni mwanamke huyo. Kaburi bado bichi, la tatu. Mume wake yuko mbele yake, ndugu za mume wako nyuma yake. Akisema hakuivuta, basi ameisikia imelegea na bado akampandisha mwanawe kwa kuona haya. Watasema nini? Yeye mwenyewe atajiambia nini, kila akiamka?

"Niliivuta," akasema. "Ilikuwa imara."

Watu wakageuka kumtazama Mbega. Hata Tumbili. Maana kama kamba ilikuwa imara ilipovutwa, basi fundo halikusahauliwa, lilifungwa kwa hila lifunguke mtoto akiwa juu. Na nani duniani ana gumba la kufunga fundo la namna hiyo ila Mbega mwenyewe? Kosa la mkono likageuka kosa la moyo kwa neno lile moja.

"Mbega," Mzee akasema, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine, "una la kujibu?"

Mbega akamtazama Nyamvula. Aliona kila kitu siku ile, alikuwa na macho. Angeweza kusema, hakuvuta, aliishika akaiacha. Ni maneno machache. Lakini maneno hayo yangekuwa ni kumwambia mama mtu, udongo wa mtoto ungali kwenye kucha zake, kwamba ni wewe uliyemuua. Akafungua mdomo, akaufunga. Na hapo ndipo Mbega alipoacha kusema. Hajasema tena.

Walimkata vidole gumba vyote viwili juu ya jiwe. Mzee Mwatsahu alisema mkono unaofunga fundo la hila hauwezi kukaa na watoto. Walipomaliza wakaondoka wote, kila mtu na njia yake, wakamwacha anavuja damu.

Nyamvula alibaki. Kiunoni alikuwa amejifunga kitambaa kilichosalia kwenye sanda ya Nyevu, maana mtoto ni mdogo, nguo ilibaki. Akakifungua, akakichana, akamfunga Mbega mkono huu na mkono huu.

"Kwa nini hukusema?" akamuuliza. "Mjomba, kwa nini hukunisema?"

Mbega akapanda mti kwa shida, anakumbatia matawi kwa viganja kwa sababu hakuwa na cha kubania. Vile vitambaa vikalegea, upepo ukavipeperusha, vikamlalia mabegani huku na huku, virefu, vyeupe. Havikuanguka tena.

Nyamvula aliishi na neno lake mpaka mvua iliporudi. Kisha likamshinda. Hakula, maziwa ya mbuzi alitapika, akaenda mwenyewe kwa Mzee Mwatsahu, akasema, sikuivuta. Mzee yule alilia mbele ya mwanamke, jambo ambalo halikuwa limeonekana. Akaenda msituni na wazee wenzake, wakasimama chini ya miti wakamwita Mbega kwa jina la heshima, wakamwambia rudi, tumekosa. Alfajiri Mbega alinguruma huko juu, akanyamaza. Hakuna aliyeelewa. Na hata kama angeshuka, wangemrudishia nini? Vile vidole vilikuwa vimeshaoza.

Nyamvula alimpelekea joya. Aliliweka kwenye jani chini ya mti, akarudi nyuma mbali ili asimwonee haya. Mbega alilitazama, akageuza uso, akachuma jani kavukavu, chungu, akatafuna. Siku nyingine vivyo hivyo. Joya lile alilila Tumbili.

Na tangu siku hiyo, wanangu, mbega amekaa juu. Akiteremka, anateremka kwa dharura tu, na hakai na mtu. Kitu kitamu hakigusi hata kikimgonga kifuani. Chakula chake ni majani. Alfajiri ananguruma, mchana hana neno. Mtoto wake huzaliwa mweupe mtupu, hana weusi hata wa ukucha, na majike wote wa kundi humpokea kwa mikono, huyu akampa yule na yule akampa mwingine, maana hakuna anayekubali kuachiwa mtoto peke yake.

Urithi uligawanyika hivi. Tumbili alirithi ua wetu na vitamu vyake, ndiyo maana anaiba bila haya, ingawa anajua havikuandaliwa kwa ajili yake. Mbega alirithi majani na kimya, na ile nguo mabegani. Nyamvula hakuzaa tena, kwa hiyo alichoacha tulirithi sote: kwetu hapa mtu akikufungia bembea, au akikusokotea kamba ya ndoo, yeye mwenyewe huiweka mkononi mwako na kukwambia, vuta. Ukivuta kwa aibu, anakwambia vuta tena. Asipokwambia, mchukue mwanao mwende nyumbani.

Na Nyevu alirithi kipande cha udongo, nacho si kikubwa, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mdogo.